Mbayuwayu wanajuaje kama saa ya kurudi Ulaya imefika?

Mwezi wa tatu, ukiwa hapa Rugenge, angalia nyaya za umeme: mbayuwayu wamejipanga. Kufika mwezi wa tano, hakuna. Wameenda wapi?

Si wote wanaohama, wengine ni wa hapa hapa. Wale wenye koo jekundu, utepe mweusi kifuani na tumbo jeupe ndio wageni. Wanazaliwa Ulaya na Asia. Baridi ikianza kule, wadudu wanapotea, nao wanakuja kwetu kuanzia mwezi wa tisa. Kisha wanarudi kuzaa: zaidi ya kilometa 5.000, Sahara ikiwa katikati. Na ndege mwenyewe ana gramu 20 hivi!

Kule Ulaya, urefu wa mchana unawaonyesha majira. Lakini huku Uvira mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Sasa wanajuaje?

Mtaalamu Mjerumani Eberhard Gwinner aliweka ndege wengine wadogo wanaohama ndani ya vizimba, mwanga saa 12 kila siku bila kubadilika. Majira yalipofika, walianza kurukaruka usiku kama watu wa safari. Ni kusema, saa iko ndani ya mwili.

Kabla ya safari wanakula wadudu sana na kulala kwa wingi ndani ya matete. Tukichoma matete wakati huo, tunaua wale wanaoenda kuzaa.

Na ukikuta mmoja ana pete mguuni, usiogope. Si uchawi, si upelelezi. Ni namba ya watafiti wanaofuata safari yake.