Mmea, Maji na Samaki: Zifahamu Kozi za Vyuo Vikuu Zinazolinda Riziki ya Wananchi

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, vijana waliosoma sayansi huanza kupanga kozi watakazoomba vyuo vikuu. Udaktari, famasia na uhandisi hutangulia katika orodha za wengi. Sayansi tumizi ya mimea, ikolojia na usimamizi wa rasilimali za maji huwekwa mwishoni, kwa dhana kwamba mhitimu wake hana pengine pa kwenda isipokuwa darasani kufundisha.

Dhana hiyo haitazami kwa upana mambo yanayotokea katika maziwa, mito na pwani ya nchi yetu. Makala haya yanaeleza kozi hizo zinafundisha nini, zinapatikana wapi na kwa nini Taifa linazihitaji.

Gugu moja, fani tatu

Mfano ulio wazi ni magugumaji ya Ziwa Victoria. Mmea huu wenye asili ya Amerika ya Kusini ulianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika muongo uliofuata ulifunika ghuba na mialo, ukazuia mitumbwi kutoka, ukaziba njia za vivuko na kunyima maji hewa ambayo samaki huihitaji.

Kung'oa kwa mikono na mashine hakukutosha, kwa kuwa mmea huu huongezeka kwa kasi kuliko unavyoondolewa. Wataalamu wa mimea walichunguza namna unavyozaliana na adui zake wa asili. Ndipo wakaletwa wadudu jamii ya fukusi, ambao hula majani yake huku mabuu wao wakitoboa mashina. Hata hivyo, kabla ya kumwachia mdudu mgeni ziwani, ni lazima kuthibitisha kwamba hatageukia mazao ya wakulima. Hiyo ndiyo kazi ya sayansi tumizi ya mimea.

Mwanaikolojia huuliza swali jingine: gugu hili linalishwa na nini? Jibu liko nchi kavu. Mbolea na udongo unaosombwa kutoka mashambani, pamoja na majitaka ya miji, huingiza nitrojeni na fosforasi ziwani. Chanzo hicho kisipodhibitiwa, gugu hurudi. Mtaalamu wa rasilimali za maji naye hupima athari zake kwa mazalia ya samaki na kuishauri mamlaka hatua za kuchukua. Tatizo ni moja, lakini hakuna fani moja inayolimaliza peke yake.

Uamuzi unaogusa mlo wa jioni

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Tanzania ilisitisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Lengo lilikuwa kuwapa dagaa na migebuka nafasi ya kuzaliana na kukua.

Miezi mitatu ni kipindi kirefu kwa mvuvi, mchakataji wa dagaa na mama anayeuza samaki sokoni. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa namna hii hauwezi kujengwa juu ya kubahatisha. Unahitaji takwimu za samaki wanaovuliwa, ukubwa wao na majira yao ya kuzaliana.

Unahitaji pia kuelewa maji yenyewe. Katika Ziwa Tanganyika, virutubisho vingi vimo kwenye maji ya kina. Pepo za kusini za msimu wa kiangazi huyachanganya maji na kuvipandisha juu, vikalisha mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao ndio msingi wa chakula cha dagaa. Joto la maji ya juu linapoongezeka, uchanganyikaji huo hupungua. Mtaalamu anayeyajua haya hutenganisha upungufu unaotokana na nyavu na ule unaotokana na mabadiliko ya tabianchi, kisha humweleza mvuvi kwa lugha anayoielewa.

Zanzibar nako, wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wameona aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, ikifa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto kali. Utafiti wa kuhamishia kilimo hicho kwenye kina kirefu ni tunda la taaluma hizi.

Wapi pa kusoma

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Botania, kitengo cha sayansi za majini na teknolojia ya uvuvi, pamoja na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mkoani Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, hufundisha sayansi za mazao, misitu na ukuzaji viumbe maji. Kwa ngazi ya cheti na stashahada, Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) ina kampasi zikiwemo Mbegani, Nyegezi na Kigoma.

Kwa kawaida waombaji wa shahada hutakiwa kuwa na ufaulu mzuri katika Biolojia na somo jingine la sayansi, hususan Kemia. Kwa kuwa vigezo hutofautiana kati ya programu, mwombaji asome mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Baada ya kuhitimu

Wahitimu huhitajika katika Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), bodi za maji za mabonde tisa ya nchi, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, hifadhi za bahari na halmashauri za wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, kazi isiyokamilika bila wanaikolojia. Wengine hujiajiri kwa kufuga samaki, kuzalisha vifaranga au kuendesha vitalu vya miche.

Mzazi au mwanafunzi anayepitia orodha ya kozi na azitazame hizi kwa jicho jipya. Ziwa likipungukiwa samaki, wa kwanza kulala njaa ni wale wanaoishi kandokando yake, nao wanastahili mtaalamu anayejua sababu na tiba yake.