Nyundo na Moto: Kwa Nini Chuma Kinavunjika?

Chukueni kipande cha waya wa shaba, ule tunaoita mukuba. Ukunje, uunyooshe, ukunje tena mahali pale pale. Mara ya kwanza unakubali. Halafu unaanza kukataa. Mwisho unakatika. Ni kwa sababu gani?

Ndani ya shaba kuna chembe ndogo sana zilizopangwa kwa mistari. Ukiipiga nyundo, ao kiwandani wakiipitisha katikati ya magogo mawili ya chuma yanayozunguka, mistari ile inateleza, kisha inazuiana. Shaba inapata nguvu, lakini haikubali tena kukunjika wala kuvutika.

Dawa yake ni moto. Ipashe mpaka iwe nyekundu hafifu: chembe zinajipanga upya, nayo inalainika. Utaweza kuifua tena.

Na etani yetu ya Manono je? Hiyo inayeyuka kwa digrii 232 tu. Joto la nyumba peke yake linatosha kupanga chembe zake upya, basi uipige namna gani, haikazi kama shaba. Lakini changanya sehemu 1 ya etani na sehemu 9 za shaba: utapata bronzi, ngumu kuzipita zote mbili.

Sasa angalia vizuri, maana hapa ndipo watu wanaumia. Chuma cha resori ya kamio hakifuati njia ya shaba. Shaba nyekundu ukiitia majini inabaki laini. Lakini resori ikitoka motoni kwa digrii 800 na zaidi, ukiizimisha majini, inakuwa ngumu na kuvunjika kama chupa. Ikipoa polepole ndani ya majivu, inalainika. Kwa hiyo fundi wa visu anaizimisha kwanza, kisha anaipasha tena kidogo, mpaka rangi ya majani makavu itokee. Ugumu unapungua kidogo, lakini kisu hakivunjiki ovyo.

Wewe mwenye kamio, resori iliyonyooshwa motoni usiirudishe chini ya gari. Kwa macho ni nzima, lakini nguvu yake ya zamani imekwisha. Jembe likivunjika, unapoteza siku moja ya kulima. Resori ikivunjika barabarani, mama na watoto wamekaa juu ya mizigo. Kabla ya kulipa, muulize fundi: ulikizimisha namna gani, na ulikipasha tena?