Ekseli ya mbele ya Land Cruiser: chuma kizito, sili ya mpira

Gurudumu la mbele la gari la foo-wili limebebeshwa kazi mbili zisizopatana: kulivuta gari, na kukata kona. Nguvu ya injini inakuja imenyooka ndani ya shafti, lakini ikikaribia tairi inalazimika kupinda huku ikiendelea kuzunguka. Je, wajua kwamba njia rahisi ya kuupinda mzunguko huo inavuruga mwendo? Ile jointi ya msalaba iliyoko kwenye propela, ikipindwa nyuzi 30, upande wake wa pili hauzunguki tena kwa kasi moja. Katika kila mzunguko, kasi hushuka hadi asilimia 87 hivi ya ile inayoingia, ikapanda hadi karibu 115, na hufanya hivyo mara mbili. Dereva angeusikia mtetemeko huo mikononi kila akikunja usukani.

Jawabu lililotumiwa kwenye ekseli ya Land Cruiser lilibuniwa miaka ya 1920 na mhandisi wa Ford, Alfred Rzeppa. Ndani ya kikombe cha chuma kuna kipande chenye umbo la nyota, na kati yao zimo gololi sita zilizoshikwa na pete yenye madirisha. Shafti zikipinda kwa pembe yoyote, gololi hujipanga mahali panapoigawa pembe hiyo nusu kwa nusu. Kwa kuwa ziko sawa na pande zote mbili, kasi inayoingia ndiyo inayotoka. Mafundi wetu wanaiita sivi jointi.

Gari lenyewe lilianza mwaka 1951 likiitwa Toyota BJ, na mwaka huohuo likapandishwa hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji. Jina la Land Cruiser lilikuja 1954. Toleo la 70, lililotoka 1984, bado linatengenezwa, na bado lina ekseli nzima ya chuma mbele. Ndilo linalobeba watalii Serengeti na Maasai Mara na kuwakimbiza wagonjwa kutoka vijijini. Pikapu yake huunganishwa Mombasa.

Ekseli nzima ina faida ambayo barabara mbovu huidhihirisha haraka. Tairi moja likipanda jiwe, jingine linasukumwa chini kushika ardhi, na difu inabaki na nafasi ileile kutoka kwenye tairi. Lakini kila ncha ya ekseli ina tufe la chuma lililo wazi ndani, na humo sivi jointi inaishi ikiwa imezungukwa na grisi nzito. Upande wa pili wa ukuta, ndani ya bomba la ekseli, mna oili ya difu, nyepesi. Kinachotenganisha grisi na oili ni sili moja ya mpira inayokumbatia shafti. Uhai wa chuma chote hicho unategemea mpira huo.

Sili ikichoka, oili inapenya hadi kwenye tufe na kuyeyusha grisi mpaka inakuwa kama uji. Uji huo hauwezi kukaa juu ya gololi. Unatiririka nje, unachafua upande wa ndani wa tairi, na ukizidi unafika kwenye diski ya breki. Sivi jointi ikikauka utaisikia ikigonga, tak-tak-tak, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Beringi za king pini, zile zinazoliwezesha gurudumu kukata kona, zikilegea, usukani unaanza kutikisika wenyewe kwenye mwendo fulani, na hilo si jambo la kuvumilia hata siku moja.

Mara nyingi mpira haufi kwa uzee tu. Juu ya ekseli kuna kipumulio, kijiti kidogo chenye mpira unaopanda hadi juu ya chesisi. Ekseli ikipata joto, hewa iliyomo inatanuka na kutokea hapo. Kipumulio kikiziba kwa tope, hewa inatafuta njia kwenye sili na kuisukuma oili nje. Hatari kubwa zaidi iko mtoni. Ekseli yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio kikiwa kimeziba, kinachovutwa ni maji yaliyo nje ya sili. Ndiyo maana baada ya msimu wa mvua oili ya difu hutoka nyeupe kama maziwa.

Kazi ya kuifungua ekseli hii inawezekana kabisa nyumbani, uani, kwa mtu mwenye subira. Gari likae juu ya stendi imara, wala si jeki peke yake. Kalipa ya breki ifungwe kwa waya ili isining'inie kwenye mpira wake. Kisha unafika kwenye habu, na hapa wengi hukwama: nati zimefunguka zote lakini habu haitoki. Kuzunguka kila studi kuna kipete kidogo cha koni kilichojibana kwenye tundu lake. Kuvuta hakusaidii. Rudisha nati hadi ilingane na ncha ya studi ili usiharibu nyuzi, kisha gonga kwa nyundo ya shaba; kipete kitaruka chenyewe. Ndani ya habu kuna nati mbili kubwa za milimita 54 zenye washa ya kufunga katikati. Zinahitaji boksi spana yake. Kuzizungusha kwa tindo, kama inavyofanyika katika gereji nyingi, ni kuharibu kitu ambacho siku nyingine kitagoma kabisa.

Kinachofuata ni uchafu mwingi, nao usiuharakishe. Kila kipande kioshwe kwa mafuta ya taa kwenye karai mpaka chuma kionekane. Pitisha ukucha mahali sili inapokaa kwenye shafti: ukihisi mfereji, sili mpya itavuja vilevile. Lisugue tufe kwa msasa laini, maana kutu hulikwaruza hadi sili za nje zikakosa pa kushika. Jointi nayo ichunguzwe. Gololi na njia zake huchakaa zaidi upande unaosukumwa gari likienda mbele, kwa hiyo jointi yenye mlio mdogo ikihamishwa kutoka kushoto kwenda kulia hutumia uso ambao haujaliwa, na maisha yake huongezeka. Hamisha jointi tu. Shafti zibaki upande wake, maana difu haikai katikati na urefu wake haulingani.

Sasa shimu, vibati vyembamba vilivyo juu na chini ya beringi za king pini. Fundi anayevitupa vyote kwenye kopo moja ameharibu kazi kabla hajaanza kufunga. Shimu ndizo zinazoliweka gurudumu katikati ya ekseli. Zikichanganywa, shafti inaegemea upande mmoja wa sili, na sili mpya iliyowekwa juzi inaanza kuvuja. Mwenye gari analaumu spea kuwa ni feki, kumbe kosa ni la vipimo. Zifunge kwa waya, andika juu au chini, kushoto au kulia.

Kubana beringi hizo nako kuna kipimo chake. Kabla ya kurudisha shafti na sili za nje, ning'iniza mizani ya ndoano, hata ile ya kupimia samaki, kwenye tundu la tairodi, uvute. Uzito unaosoma mkono wenye tundu hilo ukianza kugeuka ulinganishe na kitabu cha modeli yako. Ukipunguza shimu, beringi zinabanwa zaidi. Kukisia kwa mkono hakutoshi.

Grisi ya jointi iwe ile nyeusi yenye molibdenamu. Chembe zake ni tabaka zilizoshikana kwa udhaifu mkubwa, hivyo moja huteleza juu ya nyingine hata pale ambapo mgandamizo umesukuma mafuta yote pembeni. Jaza tufe kiasi cha robo tatu, usilisheheneze.

Kabla hujanunua chochote, vua kipumulio na upulize. Kama hewa haipiti, safisha au badilisha mpira wake kwanza. Na kila unapovuka mto, simama kidogo kabla ya kuingia, ekseli ipoe. Sili hazitakuwa na sababu ya kuvuta maji, na huenda usilazimike kuifungua ekseli kwa miaka mingi.