Diski za Breki za Vipande Viwili: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Gari dogo lenye injini yenye nguvu, hususan Subaru Impreza ya daraja la WRX iliyotumika Japani kabla ya kuingizwa nchini, si gari geni katika mitaa ya Kihonda. Pamoja na gari hilo huja biashara ya vipuri vya kuliongezea uwezo, na miongoni mwake zimo diski za breki za vipande viwili, ambazo bei yake huweza kuwa mara kadhaa ya bei ya diski za kawaida. Mnunuzi huambiwa kwamba gari litasimama mapema zaidi, kwamba usukani hautatikisika tena, na kwamba breki hazitachoka mlimani. Tumeona ni vema tuzipime ahadi hizo moja baada ya nyingine, kwa kuwa anayezinunua huweka rehani fedha zake na, katika mteremko, maisha ya waliomo garini.

Diski ya kawaida ni kipande kimoja cha chuma cha kusubu. Sehemu ya nje ni pete inayobanwa na pedi. Sehemu ya katikati, iliyoinuka mithili ya kofia, hufungwa kwenye habu ya gurudumu. Katika diski ya vipande viwili, pete hubaki kuwa chuma cha kusubu lakini kofia hutengenezwa kwa alumini, na viwili hivyo huunganishwa kwa boliti au kwa pini. Zipo ambazo boliti zake hukaza kabisa, na zipo ambazo huiachia pete nafasi ndogo ya kucheza ili ipanuke inapopata joto.

Faida zake ni za kweli. Alumini ni nyepesi kuliko chuma, hivyo gurudumu hupungua uzito. Honda ilipoifanyia marekebisho Civic Type R mwaka 2020, iliweka diski za namna hii katika magurudumu ya mbele, na uzito ukapungua kwa zaidi ya kilo mbili. Faida ya pili ni ya joto. Pete iliyoungana na kofia yake, ikipata joto kali, hushikiliwa upande mmoja na kupinda kidogo kama sahani, na pedi zikaacha kuigusa sawasawa. Pete yenye nafasi ya kupanuka haipati tatizo hilo kwa kiwango hicho. Faida ya tatu ni kwamba pete ikiisha, hubadilishwa yenyewe na kofia ikaendelea kutumika.

Hata hivyo, msomaji azingatie kwamba faida ya joto huonekana pale breki zinapofikishwa kwenye joto kubwa mara kwa mara, kama katika mashindano. Kwa anayetoka Kihonda kwenda Msamvu na kurudi, pete haifiki huko. Ama ahadi ya kusimama mapema, hiyo tunaikataa waziwazi. Ikiwa breki ulizonazo tayari zina nguvu ya kufunga magurudumu au kuuamsha mfumo wa ABS, kinachoamua gari lisimame baada ya mita ngapi ni mshiko wa tairi barabarani. Mtu mwenye tairi zilizokwisha anayenunua diski za gharama amelipia kitu kisichohusika na tatizo lake.

Sasa tuje mlimani, ambako ndiko ahadi hizi huwavuta wengi. Tuchukue mfano wa mkazi wa Kihonda anayepanda na familia yake kila mwisho wa mwezi kwenda vijiji vya juu vya Mgeta, katika Milima ya Uluguru, kisha akateremka jioni kuelekea Mzumbe. Tuseme gari na waliomo lina uzito wa kilo 1,400, na kwamba njia inashuka mita 1,000 kwa wima. Nguvu inayopaswa kuondolewa katika mteremko huo wote inatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20, kuanzia maji ya bombani hadi yatokote. Dereva akiliweka gari huru na kukanyaga breki njia nzima, karibu joto lote hilo huingia katika diski na pedi, na sehemu yake ikapenya hadi kwenye mafuta ya breki.

Kofia ya alumini haipunguzi hata kijiko kimoja cha maji hayo. Pete ni chuma kile kile, na joto linalozalishwa ni lile lile. Kinachopunguza mzigo wa breki ni injini: kushuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda, au kwa gari la otomatiki kuweka 2 au L, kabla mteremko haujaanza.

Kinachofuata kwa umuhimu ni mafuta ya breki, kitu cha bei ndogo ambacho husahauliwa kwa miaka. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 230; yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni kinga kubwa kuliko diski yoyote inayouzwa.

Ni muhimu dereva atofautishe dalili. Pedali inayozama baada ya mteremko mrefu huashiria mafuta yaliyochemka. Pedali iliyo ngumu kama kawaida huku gari halishikiki huashiria pedi zilizozidiwa na joto, na hapo tiba ni pedi bora. Usukani unaotikisika wakati wa kufunga breki mara nyingi hutokana na unene wa diski usiolingana, masalia ya pedi yaliyoganda juu yake, au kutu kati ya diski na habu. Fundi asiyesafisha habu ataifunga diski mpya ya bei kubwa juu ya kutu ile ile, na mtikisiko utarudi.

Kwa hiyo, kwa mtumiaji wa kawaida, ushauri wetu ni diski nzuri za kipande kimoja, zenye njia za hewa katikati, pamoja na pedi bora na mafuta mapya. Anayeshiriki mashindano, au ambaye gari lake lilitoka kiwandani na diski za vipande viwili, ana sababu ya kuzinunua. Na anayezitaka kwa sababu anazipenda ana haki hiyo pia. Fedha ni zake. Wote hao tunawaomba wahakikishe yafuatayo.

La kwanza ni kuoana. Jina "Impreza" halitoshi. WRX nyingi za miaka hiyo zina matundu matano ya boliti katika duara la milimita 100 na diski za mbele za milimita 294; toleo la STI lenye kalipa kubwa hutumia diski za mbele za milimita 326, na kuanzia modeli ya 2005 duara la matundu yake ni milimita 114.3. Mwuzaji apewe namba ya chesisi, na diski ya zamani ipimwe kipenyo, unene na urefu wa kofia. Kofia ikizidi au ikipungua kwa milimita chache tu, pete haitakaa katikati ya kalipa.

La pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni upatikanaji wa pete peke yake. Muulize mwuzaji kabla ya kulipa: pete hii ikiisha, utaniuzia nyingine bila kofia, kwa bei gani, na boliti zake unazo? Nati nyingi za kuunganisha pete na kofia hutumika mara moja tu. Ikiwa jibu ni kwamba itabidi ununue seti nzima, basi ile faida ya tatu tuliyoitaja haipo, na umelipia kipande kimoja kwa bei ya viwili.

La tatu ni upande. Diski ambazo njia zake za ndani za hewa zimepinda huwa na ya kushoto na ya kulia. Mafundi wengi huziweka kwa kutazama mikato iliyo usoni, ilhali kinachoelekeza ni njia za ndani. Fuata alama ya kiwanda. Diski zilizotobolewa matundu usoni huvutia macho, lakini nyufa hupenda kuanzia kwenye matundu hayo. Zenye mikato pekee zinafaa zaidi kwa matumizi ya barabarani.

Vumbi na tope la barabara zetu za mitaa huingia kwenye pini za diski zenye nafasi ya kucheza, na mlio mdogo wa kugongana si ajabu. Mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu, kutu hujijenga. Anayezinunua akubali kazi ya kuzisafisha na kukagua boliti zake kila magurudumu yanapofunguliwa.

Tunatahadharisha pia juu ya bidhaa bandia. Diski halisi huwa na namba ya kipuri na unene wa chini unaoruhusiwa, umechorwa au kugongwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi tu. Usinunue iliyotumika bila kuipima kwa kipimo cha vernia na kulinganisha na namba hiyo. Vile vifuniko vyekundu vya plastiki vinavyobandikwa juu ya kalipa, vyenye majina ya kampuni maarufu, si breki. Kazi yake halisi ni kuzuia hewa isiipoze kalipa.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia. Ili zikusaidie, ushahidi unahitajika. Dai risiti ya EFD yenye jina na namba ya kipuri badala ya neno "spea" pekee. Piga picha maandishi yaliyo kwenye diski kabla haijafungwa, na omba ahadi ya mwuzaji iandikwe. Diski ikipasuka au isipooana, usimwachie fundi aitupe kwenye chuma chakavu. Ihifadhi pamoja na boksi na boliti zake, kisha wasilisha malalamiko kwa mwuzaji kwa maandishi, na asipojibu, peleka nakala Tume ya Ushindani, au Shirika la Viwango Tanzania ikiwa suala ni ubora.