Ua Ulio Hai: Habari za Mnyaa na Jinsi ya Kuupanda

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza habari za kitu ambacho watu wa Shinyanga na Geita hukiona kila siku, hata pengine hawakitazami tena: ua wa minyaa. Ua huo huzunguka kaya za wafugaji, mazizi ya ng'ombe na mipaka ya mashamba. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na miti mingi imepukutika majani, wenyewe husimama kijani vile vile. Watu wengi hudhani kwamba ni kitu cha kawaida kisichohitaji maarifa. Lakini mnyaa una namna yake ya kupandwa, una namna yake ya kukatwa, tena una hatari yake. Asiyeyajua mambo hayo hupata ua wenye mapengo, au hupata msiba wa macho nyumbani mwake.

Katika nchi nyingi watu wamependa kupamba nyumba zao kwa vichaka visivyopukutika majani. Huko Ulaya kichaka kilichopendwa tangu zamani ni kile kiitwacho boksi, chenye majani madogo yaliyosongamana, ambacho watunza bustani hukikata kwa mkasi hata kikawa kama ukuta mfupi au kama mpira. Nacho huzaliwa kwa vipande vya matawi, kama mnyaa. Lakini hukua polepole sana, wala kiangazi kirefu chenye jua kali hakikifai. Tena kimepata adui: nondo wa kutoka Asia ya Mashariki, aliyeonekana Ujerumani mwaka wa 2007, ambaye viwavi wake wamekula nyua nyingi za bustani za Ulaya. Basi hatuna haja ya kukitamani kichaka cha wenzetu. Mnyaa wetu huweza kupamba nyumba hali kadhalika, na huishi kwa mvua ya Mungu tu.

Yafaa kwanza tujue kwa nini mnyaa hauogopi kiangazi. Ukiutazama karibu utaona kwamba hauna majani ya kutosha hata kidogo. Majani yake ni madogo sana, huota kwenye ncha za vijiti vichanga, kisha huanguka upesi. Kazi ya majani hufanywa na vijiti vyenyewe, ambavyo ni vya mviringo, vya kijani, na unene wake ni kama wa kalamu ya risasi. Miti mingi hufungua vitundu vyake vya kuvutia hewa wakati wa mchana, na maji mengi hupotea kwa njia hiyo. Vijiti vya mnyaa hufungua vitundu vyao hasa wakati wa usiku, hewa ikiwa baridi. Huiweka akiba ile hewa, na jua likichomoza huitumia kutengeneza chakula huku vitundu vimefungwa. Ndiyo sababu mnyaa huweza kukaa kijani katika nchi ya Shinyanga, ambako mvua ya mwaka ni kama milimita 700, na mwaka mwingine hupungua sana.

Sasa, faida yake ni nini zaidi ya uzuri? Mtu asiye na ua ulio hai hujenga ua uliokufa. Hukata matawi ya migunga yenye miiba, huyaburura mpaka nyumbani, na kuyapanga kuzunguka zizi. Mchwa huyala, mvua huyaozesha, na baada ya muda si mrefu mwenye nyumba hurudi porini na shoka lake. Kaya moja ikifanya hivyo si neno kubwa; lakini kaya elfu zikifanya hivyo kila mwaka, pori halina budi kwisha.

Na nchi yetu imekwisha kuonja matunda ya jambo hilo. Tangu miaka ya 1920 mapori makubwa ya Usukuma yalikatwa ili kufukuza mbung'o, wadudu waletao nagana kwa ng'ombe. Shinyanga ndipo palipokuwa makao ya utafiti wa wadudu hao chini ya Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1938. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na kuni zikatafutwa mbali zaidi, hata sehemu nyingi zikabaki ardhi tupu. Mwaka wa 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI. Watu walihimizwa kurudia desturi yao ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili mifugo iipate wakati wa kiangazi, na miti ipate nafasi ya kuchipua. Ngitili zilizojulikana wakati kazi ilipoanza zilikuwa kama hekta 600 tu. Kazi ilipokwisha mwaka wa 2004 zilikadiriwa kuwa hekta 300,000 na zaidi. Lakini ngitili haiwezi kudumu ikiwa kila mwaka tunaingia humo kukata miiba ya mazizi. Mwenye kupanda ua wa minyaa ameipunguzia ngitili mzigo mmoja mzito.

Haya, tueleze sasa jinsi ya kuupanda. Mambo ya kufuata ni haya.

Kwanza, chagua mahali. Mnyaa huota katika ardhi ya kichanga ambayo Wasukuma huiita luseni, na katika mawe, na hata katika ardhi ngumu ya itogolo. Jambo usilolipenda ni maji yaliyotuama. Katika udongo mweusi wa mbuga, unaofurika masika, mizizi huoza. Ikiwa kaya yako ipo kando ya mbuga, inua tuta kwanza, kisha panda juu ya tuta. Tena usiuweke karibu sana na mazao, kwa kuwa mizizi yake hushindania maji na mimea mingine. Acha nafasi ya hatua tatu au nne.

Pili, hesabu vipande utakavyohitaji. Kaya yenye futi 100 kila upande ina mzunguko wa futi 400. Ukipanda kipande kimoja kila futi moja, utahitaji vipande 400, ukitoa nafasi ya mlango. Ongeza vipande 40 vya akiba, maana vingine havitashika. Vyote hivyo waweza kuvipata kwa jirani mwenye ua mkubwa, naye mara nyingi atashukuru kupunguziwa.

Tatu, kata vipande. Chagua tawi lililokomaa, unene wake kama kidole gumba, na urefu wake kama futi mbili. Tawi changa mno hunyauka. Tawi nene mno hukawia kutoa mizizi. Kata kwa panga kali kwa pigo moja, ili jeraha liwe safi. Utomvu mweupe utatoka upesi. Uchovye mwisho wa tawi katika majivu au mchanga mkavu nao utakoma.

Nne, na hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulikosa: usipande siku ile ile. Weka vipande vyako kivulini, mahali pakavu penye hewa, kwa muda wa siku tano mpaka saba, hata mahali palipokatwa pafanye kovu kavu. Kipande kibichi kikitiwa katika udongo wenye maji huingiwa na uozo kwa njia ya jeraha. Kipande chenye kovu huzuia uozo, na mizizi hupata nafasi ya kutoka.

Tano, panda mwezi wa Oktoba mwishoni au Novemba, mvua za kwanza zikikaribia. Chimba mfereji wa inchi sita, simamisha vipande wima, rudisha udongo, na ushindilie kwa mguu. Usimwagilie maji kila siku, maana huko ni kuuzamisha mmea usioomba maji. Mvua ya kawaida itautosha. Baada ya wiki kadhaa utaona ncha mpya za kijani, nawe utajua kwamba umeshika.

Sita, ziba mapengo. Mwaka wa pili pita ukihesabu vilivyokufa, na uweke vipande vingine mahali pake. Wazee wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika ua, pengo la futi moja ni mlango wa mbuzi.

Mnyaa ulioachwa huwa mti mrefu, mtupu chini na wenye kichwa kikubwa juu. Huo si ua tena, kwa maana kuku na mbuzi hupita chini yake. Kwa hiyo samaki mkunje angali mbichi. Ua ukifika kimo cha magoti, kata ncha zote, nao utatoa matawi mengi ya pembeni. Ukifika kifuani, kata tena. Kisha kila mwaka uupunguze kwa kamba iliyonyooshwa, ukifanya upande wa chini uwe mpana kuliko wa juu, ili jua lifike mpaka chini. Ua uliokatwa namna hiyo husongamana kama mkeka, nao hupendeza mbele ya nyumba, ya shule au ya zahanati.

Sasa twafika kwenye hatari, na hapa twaomba kila mtu asome kwa makini. Utomvu wa mnyaa ni mkali. Ukigusa ngozi laini huwasha na pengine hutoa malengelenge. Ukiingia jichoni huleta maumivu makubwa sana, jicho huvimba, na mtu huweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa. Asipotibiwa huweza kupata dhara la kudumu. Kwa hiyo mkataji avae miwani ya kazi kama anayo, na nguo ya mikono mirefu. Asimame upande ule upepo utokako, asikate tawi lililo juu ya uso wake, wala asipanguse jasho kwa mkono wenye utomvu. Akimaliza anawe kwa sabuni, na panga alioshe vile vile. Vipande visivyotumika visiachwe njiani wapitapo watoto.

Utomvu ukiingia jichoni, oshwa papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha peleka mgonjwa kwa mganga wa zahanati au hospitali. Msitie jichoni dawa ya majani wala kitu kingine chochote.

Tena, utomvu huu usifanywe kuwa dawa ya kunywa, wala mchezo wa watoto. Mwaka wa 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza habari za uvimbe wa taya wa watoto, aina ya saratani ambayo sasa huitwa kwa jina lake. Baadaye wataalamu waliona katika maabara kwamba utomvu wa mnyaa huweza kuamsha virusi vinavyohusiana na ugonjwa huo. Jambo hilo lingali likichunguzwa, lakini latosha kutuonya. Na wale wanaotia utomvu mtoni ili kulevya samaki wajue kwamba wanaua hata vifaranga vya samaki wa kesho, tena wanavunja sheria.

Katika upande wa Geita mvua ni nyingi kidogo kuliko Shinyanga, na mnyaa huota upesi zaidi. Huko kuna jambo jingine la kufikiri. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huchimba mashimo marefu waliyoyapa jina la maduara, na huyategemeza kwa magogo ya miti ya porini. Mahali dhahabu inapokwisha, duara pengine huachwa wazi, na ng'ombe au mtoto huweza kutumbukia humo. Dawa ya kweli ya shimo kama hilo ni kulifukia. Lakini mahali ambapo kazi ya kufukia imekawia, yafaa kijiji kizungushe ua wa minyaa, mbali na ukingo unaoweza kubomoka, ili uwe alama kwa wapitao. Na tangu siku ya kupanda hata ua usongamane, pawekwe kizuizi cha miti mikavu, kwa kuwa kipande cha futi mbili hakimzuii mtu.

Mwisho twawageukia wanafunzi. Msikubali maneno yetu kwa kusikia tu, yapimeni. Ombeni mwalimu wenu awasimamie, nyinyi mkikaa mbali wakati wa kukata, kisha mpate vipande 20 vya unene mmoja. Pandeni 10 siku ile ile iliyokatwa, na 10 vilivyokaa kivulini siku saba, katika mstari mmoja na udongo mmoja. Andikeni tarehe katika daftari. Mvua zikimalizika, hesabuni vilivyo hai katika kila fungu, kisha mkawaeleze wazazi wenu hesabu mliyoipata.