Gogo aliingia darasani uzeeni ili ujuzi wake usizikwe naye. Nyanyako je?

SIKU ikifika, wewe ndiye utaitwa. “Si wewe unajua kompyuta? Tuandikie wasifu wa shosho, mazishi ni Ijumaa.” Utafungua simu, uanze: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto wanane, alikuwa muumini mwaminifu, akaugua. Kisha utakwama. Miaka themanini ya mtu inaisha nusu ukurasa, na ugonjwa wa mwezi mmoja umepewa mistari mingi kuliko maisha yenyewe.

Priscilla Sitienei hakutaka kuisha hivyo. Wengi walimjua kama Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Alikulia enzi za ukoloni bila kupata nafasi ya kusoma, akafanya kazi ya ukunga kwa zaidi ya miaka 65 huko Ndalat, Kaunti ya Nandi. Mwaka wa 2010, akikaribia miaka 90, alijiunga na shule ya msingi ya Leaders Vision. Akavaa sare kama wengine, akasoma pamoja na watoto wa wajukuu zake. Baadhi ya wanafunzi wenzake ni yeye aliyewazalisha mama zao.

Alitaka kujisomea Biblia. Alitaka pia wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba waone kwamba kurudi si aibu. Lakini kuna sababu nyingine inayotuhusu mimi na wewe: alitaka kuandika aliyoyajua kuhusu ukunga na dawa za miti shamba, ili vijana wayarithi. Alijua kwamba yaliyo kichwani pekee huzikwa na mwenyewe.

Gogo aliaga dunia Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 99, na siku chache kabla alikuwa bado darasani. Leo tunamkumbuka kwa urahisi kwa sababu Mfaransa Pascal Plisson alimtengenezea filamu.

Sasa nyanyako, umwite cucu, dani, kukhu au susu, hana Mfaransa. Ako na wewe na simu yako.

Kwa hivyo ukienda ushago, usimkalishe kwenye kiti na kumhoji kama polisi. Mkute akichambua maharagwe, ukae chini, umsaidie. Stori zitakuja zenyewe. Mwombe ruhusa ya kurekodi, kisha weka simu kando na uiache iendelee. Kama lugha ya nyumbani imekulemea, kaa na binamu anayeielewa. Usimlazimishe ajikaze na Kiswahili, maana utani wake wote uko katika lugha yake.

Uliza vitu vidogo. Aliitwa nani kabla ya kubatizwa? Nani alimpokea mama yako siku alipozaliwa? Pesa yake ya kwanza aliipata vipi na akanunua nini? Alitaka kuwa nani, kabla ya watu kumwamulia? Tarehe iliyo kwenye kitambulisho huenda ilikisiwa tu na karani, lakini yeye atakuambia alizaliwa mwaka wa njaa gani au wa nzige gani. Hiyo ndiyo kalenda yake.

Akinyamaza kwa swali fulani, mwache. Si kila kidonda ni cha kurekodiwa.

Ukirudi mjini, andika jina na tarehe kwenye ile rekodi, umtumie mtu mwingine wa familia pia. Simu huibiwa matatu kila siku.

Na usingoje Krismasi. Wikendi hii piga hesabu ya nauli, na kama haitoshi, nunua krediti umpigie. Atashangaa umempigia na hakuna mgonjwa wala harusi. Mwambie unataka kujua jambo moja tu: alipokuwa na umri kama wako, siku yake ilianza vipi?