Kutenganisha Uhai wa Kazi na Uhai wa Muunganisho: Matumizi ya Maltipleksa ya Terminali katika Uchakataji wa Kopasi ya Kiswahili

Ikisiri

Watafiti wa isimu kopasi hulazimika mara nyingi kuchakata matini nyingi katika seva iliyo mbali nao. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na muunganisho wa intaneti ukikatika, mchakato nao hufa. Makala haya yanafafanua namna maltipleksa ya terminali, hususani programu ya tmux, inavyotenganisha uhai wa mchakato na uhai wa muunganisho. Kwa kutumia tukio lililomkuta mwandishi alipokuwa akichambua viambishi -nge- na -ngali-, makala yanaonesha kwamba suala hili halihusu wepesi wa kazi pekee, bali linagusa pia uthabiti wa data. Aidha, makala yanabainisha mipaka ya zana hiyo na kupendekeza mambo ambayo mtafiti anapaswa kuyaeleza katika sura ya methodolojia.

Maneno ya msingi: maltipleksa, terminali, kikao, kopasi, uthabiti wa data

1.0 Utangulizi

Kopasi ni mkusanyiko wa matini uliohifadhiwa kwa utaratibu unaoiwezesha kompyuta kuzipekua. Kadiri mkusanyiko unavyokuwa mkubwa, ndivyo kompyuta mpakato ya mtafiti inavyoelemewa. Kwa hiyo, watafiti wengi huingia katika seva ya taasisi kwa njia ya SSH, huandika amri katika terminali, kisha husubiri matokeo. Utaratibu huu una udhaifu mmoja ambao hauelezwi sana katika tasnifu zetu: kazi inayofanyika katika seva hutegemea uzi mwembamba wa mawasiliano unaoanzia mezani kwa mtafiti.

Udhaifu huo ulimfika mwandishi wa makala haya alipokusudia kulinganisha matumizi ya -nge- na -ngali- katika matini za magazeti za miaka 12. Kutafuta mfuatano wa herufi pekee hakukutosha, kwani mfuatano ngali umo pia katika kitenzi angalia na nomino angalizo, na mfuatano nge umo katika maneno kama vile ongea na tengeneza. Ilihitajika programu ya kuchanganua mofolojia ya kila neno. Programu hiyo iliendeshwa mara mbili: kwanza kwa -nge-, kisha kwa -ngali-. Mchakato wa kwanza ulikamilika jioni. Wa pili uliachwa ukiendelea usiku. Usiku huo umeme ulikatika nyumbani kwa mwandishi, ruta ikazimika na muunganisho ukapotea. Asubuhi, faili la matokeo lilikuwapo katika seva likiwa na maelfu ya mistari, wala halikuonesha dalili ya upungufu.

Jedwali lililotokana na faili hilo lilionesha kwamba -ngali- ilikuwa imetoweka katika miaka ya mwisho. Matokeo hayo yalivutia kwa kuwa yaliafikiana na dhana iliyozoeleka kwamba wasemaji wengi hawatofautishi tena viambishi hivyo viwili. Aya mbili za ufafanuzi zilikwisha kuandikwa. Ni msimamizi wa utafiti aliyeuliza swali jepesi: iweje kiambishi kitoweke ndani ya mwezi mmoja, ilhali mabadiliko ya lugha huenda polepole? Jibu lilipatikana katika mstari wa mwisho wa faili, ambao ulikuwa umekatika katikati ya neno. Kilichokatika hakikuwa matumizi ya -ngali-; ulikuwa ni umeme.

Makala haya yanajibu maswali matatu yaliyotokana na tukio hilo: kwa nini mchakato ulikufa, ni zana gani ingeuhifadhi, na zana hiyo haiwezi kufanya nini.

2.0 Sababu ya Mchakato Kufa

Katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux, mtumiaji anapoingia katika seva hupewa terminali bandia. Hii ni njia ya mawasiliano yenye ncha mbili: ncha moja imeshikwa na programu ya SSH, na nyingine imeshikwa na programu inayopokea amri za mtumiaji. Kila mchakato unaoanzishwa humo hufungamana na terminali hiyo.

Muunganisho unapopotea, seva haitambui papo hapo. Hata hivyo, programu ya SSH inapobaini kwamba upande wa pili haujibu, hufunga ncha yake ya terminali bandia. Hapo kiini cha mfumo endeshi hutuma ishara iitwayo SIGHUP, yenye namba 1. Jina la ishara hiyo linatokana na zama ambazo terminali ziliunganishwa na kompyuta kuu kwa laini ya simu; ishara ilimaanisha kwamba mtumiaji amekata simu. Mchakato usioelekezwa vinginevyo hufa unapoipokea.

Mambo mawili hufanya kifo hicho kiwe vigumu kugundulika. Mosi, hakuna ujumbe wa kosa unaoandikwa katika faili la matokeo. Pili, programu nyingi haziandiki matokeo neno kwa neno, bali huyakusanya kwenye kumbukumbu na kuyaandika kwa mafungu. Fungu ambalo halijaandikwa hupotea, na lile lililoandikwa mwisho linaweza kuishia popote, hata katikati ya neno.

Suluhisho la zamani ni amri ya nohup, ambayo huuagiza mchakato uipuuze ishara ya SIGHUP. Amri hii inafaa kwa kazi moja isiyohitaji maelekezo zaidi. Hata hivyo, mtafiti aliyeitumia hawezi kurejea katika terminali ileile, kuona skrini aliyoiacha, au kujibu swali linaloulizwa na programu. Kwa kazi yenye hatua nyingi, upungufu huo ni mkubwa.

3.0 Maltipleksa ya Terminali: Chimbuko na Muundo

Maltipleksa ya terminali ni programu inayowezesha muunganisho mmoja kubeba vikao vingi vya amri, na inayovihifadhi vikao hivyo hata muunganisho unapokosekana. Miongoni mwa zinazofahamika zaidi ni Screen, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na Oliver Laumann na Carsten Bormann wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Baadaye, mwaka 2007, Nicholas Marriott alitoa tmux, ambayo mwaka 2009 iliingizwa katika mfumo wa msingi wa OpenBSD toleo la 4.6. Makala haya yanajikita katika tmux, ingawa hoja zake za msingi zinahusu Screen pia.

Siri ya tmux imo katika kugawanyika kwake sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni seva ya tmux, ambayo isichanganywe na seva kwa maana ya mashine. Hii ni programu inayoendelea kufanya kazi nyuma ya pazia na inayoshika terminali bandia za michakato yote. Sehemu ya pili ni mteja wa tmux, ambaye kazi yake ni kuonesha skrini na kupeleka vitufe vinavyobonyezwa. Muunganisho unapokatika, anayekufa ni mteja. Seva ya tmux haikufungiwa chochote. Terminali bandia inazozishika zinabaki wazi, na kwa sababu hiyo michakato iliyomo haitumiwi SIGHUP. Ni sawa na chungu kilichoachwa chini ya uangalizi wa mpishi: mgeni akitoka nje, chungu hakiepuliwi.

Ndani ya tmux kuna ngazi tatu. Kikao ni mkusanyiko wa kazi zinazohusiana na hupewa jina. Kikao huwa na dirisha moja au zaidi, na kila dirisha hujaza skrini nzima. Dirisha nalo linaweza kugawanywa katika vidirisha, kila kimoja kikiwa na terminali bandia yake.

4.0 Matumizi katika Utafiti

Baada ya tukio lililoelezwa, uchakataji ulirudiwa ndani ya tmux. Hatua ya kwanza, baada ya kuingia katika seva, ilikuwa kuanzisha kikao chenye jina linaloeleweka:

tmux new -s ngali

Jina la kikao lina umuhimu wa kitaaluma. Mtafiti mwenye vikao vitatu vilivyopewa namba tu hukosa uhakika wa kipi kinachambua nini, na makosa ya kuchanganya matokeo huanzia hapo.

Amri za kuiongoza tmux yenyewe hutanguliwa na vitufe vya Ctrl na b vikibonyezwa pamoja, kisha kuachiwa. Herufi c ikifuata, dirisha jipya hufunguka. Alama ya % hugawa dirisha kwa upana, kushoto na kulia. Alama ya kufungua na kufunga usemi huligawa juu na chini. Na herufi d humtoa mtumiaji katika kikao bila kukisimamisha. Katika Screen, kitangulizi ni Ctrl na a.

Katika utafiti huu, kikao kilikuwa na madirisha matatu. La kwanza liliendesha mchakato. La pili liligawanywa vidirisha viwili: kimoja kikionesha mistari mipya ya faili la matokeo kila ilipoongezeka, na kingine kikionesha matumizi ya kumbukumbu ya mashine. La tatu lilifunguliwa kwa ajili ya shajara ya utafiti, ambamo kila amri iliyotolewa iliandikwa pamoja na saa yake. Mpangilio huo ulimwezesha mwandishi kuona kazi, mwenendo wake na maelezo yake bila kufungua miunganisho mitatu tofauti.

Muunganisho ulipokatika tena, jambo lililotokea zaidi ya mara moja, ilitosha kuingia upya katika seva na kutoa amri mbili: ya kwanza kuorodhesha vikao vilivyo hai, na ya pili kurejea katika kikao kinachohusika.

tmux ls
tmux attach -t ngali

Skrini ilirudi kama ilivyokuwa, na mchakato ulikuwa umesonga mbele. Mtafiti anayehama kutoka kompyuta ya ofisini kwenda ya nyumbani hutumia njia hiyohiyo. Akiongeza -d katika amri ya kurejea, mteja aliyesahauliwa wazi kwingine huondolewa.

Matokeo ya uchakataji uliorudiwa yalionesha kwamba -ngali- inaendelea kutumika hadi mwezi wa mwisho wa matini, ingawa kwa uchache kuliko -nge-. Aya mbili zilizoeleza kutoweka kwake zilifutwa.

5.0 Mipaka ya Zana

Ingekuwa kosa kuiona tmux kama kinga ya kila balaa. Kuna mipaka minne inayopaswa kuzingatiwa.

Kwanza, tmux huhimili kukatika kwa muunganisho, si kuzimika kwa mashine. Seva ikikosa umeme au ikiwashwa upya, vikao vyote hupotea, kwa kuwa vimo katika kumbukumbu ya muda. Kwa hiyo, kazi ndefu inapaswa kugawanywa, kwa mfano mwaka mmoja wa matini kwa faili moja, ili kinachopotea kiwe kidogo na kiweze kurudiwa.

Pili, baadhi ya seva huua michakato yote ya mtumiaji anapotoka. Toleo la 230 la systemd, lililotolewa mwaka 2016, liliufanya utaratibu huo kuwa wa kawaida, ingawa baadhi ya mifumo iliyotumia systemd iliuzima. Mtafiti hana budi kumuuliza msimamizi wa mifumo, au kufanya jaribio kwa mchakato mfupi, kabla ya kuacha kazi ya usiku kucha.

Tatu, tmux haitunzi kumbukumbu ya kudumu. Kwa kawaida kila kidirisha hukumbuka mistari 2000 tu iliyopita, na mistari hiyo hutoweka kidirisha kinapofungwa. Anayehitaji ushahidi wa kilichoonekana kwenye skrini anapaswa kuagiza kiandikwe katika faili, kwa amri hii:

tmux pipe-pane -o 'cat >> kumbukumbu.txt'

Nne, na muhimu zaidi, kuendelea kwa kikao si uthibitisho wa kukamilika kwa kazi. Mchakato unaweza kufa ndani ya kikao kilicho hai kwa sababu ya ukosefu wa kumbukumbu au kosa katika matini. Kwa sababu hiyo, mwandishi aliifunganisha amri ya uchakataji na amri ya pili ambayo hutekelezwa tu iwapo ya kwanza imekamilika bila kosa:

python3 changanua.py ngali > ngali.tsv && echo "ngali KAMILI" >> hali.txt

Faili la matokeo lisilo na mstari wake katika hali.txt halikuingizwa katika jedwali lolote. Lau utaratibu huu mdogo ungekuwapo tangu mwanzo, kosa lililosimuliwa lingegundulika asubuhi ileile, hata bila tmux.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba mchakato hufa muunganisho unapokatika kwa sababu umefungamana na terminali inayofungwa, na kwamba maltipleksa huuhifadhi kwa kuishika terminali hiyo upande wa seva. Yameonesha pia kwamba zana hiyo hulinda mwendelezo wa kazi tu, na kwamba ukamilifu wa data hudai uthibitisho wa pekee.

Funzo kubwa la tukio hili ni la kimethodolojia. Faili pungufu ambalo lingetoa matokeo ya kushangaza lingekaguliwa mara moja. Lililokuwa la hatari ni faili pungufu lililotoa matokeo yaliyotarajiwa. Katika mazingira ambamo umeme na intaneti hukatika bila taarifa, hatari hiyo ni ya kila siku, wala haimwachi mtafiti makini kwa umakini wake.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba tasnifu zinazotumia uchakataji wa kompyuta zieleze, katika sura ya methodolojia, mambo matatu: programu zilizotumika na matoleo yake, iwapo mchakato ulikamilika kwa mfululizo au ulikatizwa na kuendelezwa, na namna ukamilifu wa kila faili ulivyothibitishwa. Maelezo hayo hayazidi aya moja. Mtahini asiyeyaona ana haki ya kuyauliza, kama msimamizi wa utafiti huu alivyouliza kwa wakati.